MLIO WA NGOMA KWENYE KOMPYUTA
Ndugu vijana, mnauliza kwa nini ngoma mnayotengeneza kwenye programu ya sintesaiza inavuma kama kinanda. Tazameni envelopu, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Sikiliza kadodi, ngoma za tohara ya imbalu kule Mbale: ikipigwa, mlio hufika juu mara moja kisha hufa. Basi weka A, muda wa kupanda, sifuri, D, muda wa kushuka, milisekunde 200 hivi, S sifuri. S si muda, ni kiwango cha sauti wakati kitufe kimebonyezwa. R iwe sawa na D, la sivyo ukiachia kitufe mapema mlio utakatika. Kwa embaire, marimba ya mbao ya Busoga, upande wa Jinja, anza hivyo hivyo, kisha rekebisha D kwa sikio. Wazee mlioacha ngoma nyumbani, njooni mtusahihishe. Vijana wengine hawajawahi kuzisikia.