Apewe Chakula



Likizo iliyopita nilikutana na dada mmoja wa kwaya ya parokia yetu. Nikamwambia kwa furaha, "Dada, umepungua, umependeza!" Akatabasamu kidogo tu. Siku nyingine akanieleza ukweli: tangu Jumatano ya Majivu alikuwa anaruka milo, na sisi tukadhani ni mfungo. Kumbe alichoka kuitwa bonge. Akila chapati moja, anajichukia mpaka usiku. Yaani nilikuwa nimeupongeza ugonjwa! Niliona aibu kweli.

Tufungue Marko 5:35-43. Binti wa Yairo, mwenye miaka 12, amefariki. Yesu anamshika mkono, naye anasimama. Halafu linakuja neno ambalo wengi tunalipita haraka: Yesu anaagiza binti apewe chakula. Kwake, kula ni sehemu ya kuishi tena.

Katika falsafa tulisoma kwamba Plato aliuona mwili kama kifungo cha roho. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha tofauti: roho na mwili pamoja ni mtu mmoja. Kwa hiyo ukiuchukia mwili wako, unajichukia wewe mwenyewe, ambaye Mungu anakupenda.

Na mfungo je? Sheria ya Kanisa inaweka siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Hata siku hizo kuna mlo mmoja kamili, na mgonjwa halazimiki. Jiulize: ninafunga nimtazame Mungu, au nitazame mizani? Kama chakula kimekuwa vita kwako, sadaka yako inaweza kuwa kula kwa shukrani, na kuacha kujilinganisha na picha za kwenye simu.

Tufanye nini?

1. Usibaki peke yako. Mwambie mzazi au mlezi, nenda kwa daktari. Padre atakusikiliza, lakini sala haifuti kliniki.
2. Kaa mezani na wenzako.
3. Sisi wakaka, tuache kabisa kutoa maoni juu ya miili ya dada zetu, hata ya kusifia.

Dada yule sasa anahudhuria kliniki. Kuna siku ngumu bado, lakini Jumapili iliyopita baada ya Misa alikula nasi wali maharage, akamaliza.

Tusali: Ee Yesu, uliyemjali binti wa Yairo hadi chakula chake, tushike mkono nasi. Amina.