Ramadhani 13: Nesi Akija Kumwona Mgonjwa, Muandalieni Ukweli



Darsa ya leo ni ya nyumba zile ambazo kitanda kimehamishiwa chumba cha mbele. Kuna mgonjwa ambaye hospitali imeshauri auguzwe nyumbani, na kila baada ya siku kadhaa anakuja nesi wa tiba shufaa. Nyumba hizo zipo katika mtaa wetu. Kama kwako hayupo mgonjwa, soma tu, maana zamu huzunguka.

Wengi wakisikia "tiba shufaa" wanaona ni kukatiwa tamaa. Sivyo. Ni matibabu ya maumivu, kichefuchefu, vidonda, kukosa usingizi na hofu, hata pale ugonjwa wenyewe haukubali kuondoka. Nesi huyo haji kuhesabu siku za mtu. Siku zetu anazijua Allah peke yake. Yeye anakuja ili siku zilizobaki, ziwe nyingi au chache, mgonjwa apumue.

Sasa niwaambie la kwangu, nalisema kwa aibu. Baba yangu, Allah amrehemu, aliugua saratani ya tezi dume, ikafika kwenye mifupa. Akapewa mofini ya maji, anywe kila baada ya saa 4. Ramadhani ikaingia. Siku nesi aliyokuwa anakuja, nyumba ilifagiwa toka alfajiri, mashuka yakabadilishwa, dada yangu akatandika mkeka mpya. Nesi akaamkia, "Shikamoo baba, unaendeleaje?" Baba akajibu, "Marahaba mwanangu. Alhamdulillah, hatujambo." Na sisi wote pale tukaitikia, alhamdulillah.

Nesi akaomba aone dawa. Akaiinua chupa kwenye mwanga, akatazama daftari lake, akasema taratibu, "Hii ilitakiwa iwe imekaribia kuisha." Kimya. Hapo ndipo baba aliposema, "Mchana nimefunga."

Kumbe mzee alikuwa anaziacha dozi za mchana, kisha akifuturu anakunywa mbili kwa pamoja kufidia. Ndiyo maana alasiri alikuwa anauma shuka, na usiku anatapika na kusinzia, sisi tukailaumu dawa. Wengine nyumbani hawakujua. Mimi nilijua kwamba amefunga. Mimi ninayewasomesha watu ruhusa ya mgonjwa nilinyamaza, kwa sababu nilijivunia kuwa na baba mwenye imani kali vile. Fahari yangu, yeye ndiye aliyeilipia kwa mifupa yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, siku ya nesi, mkeka si lazima. Chai si lazima, na huenda naye amefunga. Muandalieni ukweli. Nao unaandaliwa hivi:

1. Wekeni dawa zote kwenye kikapu kimoja. Zote: za hospitali, za duka la dawa, za mitishamba, na hata mafuta au maji aliyosomewa kama anayanywa. Msifiche ya mitishamba kwa kuogopa kugombezwa. Baadhi ya dawa hugongana mwilini, na nesi hawezi kulinda asichokijua.

2. Chukueni daftari la shule, muandike kila siku: dozi ipi amekunywa, saa ngapi, ipi ameikosa na kwa nini. Andikeni maumivu yanapoanzia, yanapozidi, na kinachoyapunguza. Mgonjwa asiyeweza kueleza, mwambieni aonyeshe kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika.

3. Semeni hata ya aibu. Amepata choo lini? Mofini hufunga choo, na kwa kawaida mgonjwa hupewa pamoja nayo dawa ya kulainisha. Wazee wengi huona haya kulitaja hili mpaka tumbo linajaa. Mkojo, kutapika, vidonda vya kulalia, na usiku anavyolala, vyote visemwe.

4. Anayemwogesha na kumlisha awepo. Mara nyingi sisi wanaume ndio tunaokaa mbele kujibu maswali, na mama au binti anayekesha na mgonjwa yuko jikoni. Mwiteni. Yeye ndiye anayejua.

5. Kuhusu sitara, ongeeni mapema. Mkipendelea nesi wa kike kwa mama au wa kiume kwa baba, ombeni kwa adabu. Akikosekana, dharura ina hukumu yake. Awepo mtu wa karibu, mgonjwa afunikwe shuka, ifunuliwe sehemu inayotibiwa tu.

6. Kubalianeni kabla: mgonjwa anajua nini kuhusu ugonjwa wake? Msimkimbilie nesi mlangoni na kumnong'oneza, "Usimwambie." Muulizeni mgonjwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Huenda ana deni la kulipa, wasia wa kuandika, au mtu wa kuombana naye radhi. Tukimficha kila kitu, tunamnyima nafasi hiyo.

Kabla nesi hajaondoka, ulizeni: maumivu yakizidi usiku tufanye nini? Tumpigie nani? Dozi ikisahaulika tunafanyaje? Andikeni majibu kwenye daftari lile lile.

Atatokea mtu aseme, "Sheikh, mbona kusema maumivu ni kukosa subira?" Hapana. Nabii Ayyub (a.s.) ndiye mfano wetu wa subira, na Qur'ani katika Suratul Anbiyaa inatueleza kwamba alimwita Mola wake na kumwambia kuwa madhara yamempata. Na Mtume wetu (s.a.w.) alipokuwa na homa kali, Ibn Mas'ud akamgusa na kumwambia homa yako ni kali, Mtume hakukanusha. Alikiri kwamba anaumwa kama wanavyoumwa watu wawili. Kunung'unikia qadari ni jambo moja, na kumweleza mganga hali yako ni jambo jingine. Sema "alhamdulillah", kisha endelea: "usiku mgongo huu haunipi usingizi."

Na mofini? Ikitolewa na mtaalamu, kwa kipimo chake, kwa ajili ya maumivu makali, ni tiba. Si ulevi, na si njia ya kumharakisha mtu kufa. Ila ikae mbali na watoto, na asipewe mwingine hata kama naye anaumwa.

Ama kuhusu saumu, Suratul Baqara imeliweka wazi: mgonjwa ana ruhusa ya kula. Mwenye kutarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Asiyetarajiwa kupona, kwa kila siku atalishiwa maskini mmoja. Basi nendeni mkamwambie mzee wenu kwa upole: "Baba, aliyekuamrisha kufunga ndiye aliyekupa ruhusa ya kula. Kunywa dawa yako kwa wakati, na sisi tutapeleka fidia yako kwa jina lako." Mpeni yeye mwenyewe achague atakayelishwa. Baba yangu alimchagua mjane wa jirani. Kila jioni alikuwa anauliza, "Chakula kimekwenda?" Akiambiwa kimekwenda, uso unatulia. Ile Ramadhani hakufunga tena, lakini hakuwa nje ya Ramadhani.

Na sala inabaki kwa kadiri ya uwezo: akishindwa kusimama akae, akishindwa kukaa alale ubavu. Maji yakimdhuru, kuna kutayamamu.

Kazi ya leo kabla ya futari: mwenye mgonjwa, anza lile daftari. Usiye na mgonjwa, nenda kwa mwenye naye, umwambie, "Nesi akija nitakaa na watoto," au "Nitakwenda kuchukua dawa." Kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu, na wakati mwingine haki hiyo ni kumpokea anayemuuguza ndoo ya maji.

Ewe Mola wetu, wape wagonjwa wetu nafuu, wape wanaowauguza nguvu, wape manesi wanaopita kwenye vichochoro vyetu na jua hili malipo mema, na uwarehemu waliotutangulia. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho in shaa Allah.