Kuzisoma Alama za Majaribio

Mwaka 2023 mtihani wa taifa wa kumaliza darasa la saba ulikuwa na masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. Aliyepata alama 121 hata 180 alipewa daraja C, naye alihesabiwa kuwa amefaulu.

Chukulieni mfano wa msichana wa Nyabibuye. Katika jaribio la kwanza alipata alama 139, na katika la pili 127. Baba yake akaenda shuleni, akasema, "Mwalimu, mtoto huyu amerudi nyuma. Afadhali ashike jembe."

Mwalimu akajibu, "Mzee, tazama kwanza daftari hili." Jaribio la kwanza lilikuwa jepesi: wastani wa darasa ulikuwa 145. La pili lilikuwa gumu, na wastani ukashuka hata 118. Basi, hapo kwanza msichana alikuwa chini ya wastani kwa alama 6. Sasa ameupita kwa 9.

Kisha wakazitazama karatasi zake. Katika Hisabati alipata 11 tu, na makosa mengi yalikuwa katika hesabu za sehemu. Kumbe, udhaifu wake ulijulikana mahali ulipo. Baba akauliza, "Mtihani ni lini?"

Jumla ya alama ni kama uzito wa gunia la maharage: mizani haionyeshi mawe yaliyomo. Sharti gunia lifunguliwe.

Maswali
1. Kwa nini 127 ilikuwa bora kuliko 139?
2. Msichana ajifunze nini kwanza?