Kabla ya kutiwa serumu ya nguvu

Mtu akichoka kwa kubeba mizigo bandarini Minova, mashariki mwa Kongo, akirudi shambani na kizunguzungu, au mwili ukikataa kurudi baada ya malaria, majirani humpa shauri moja: nenda famasi wakutie serumu, yale maji ya chupa ya mshipani, na vitamini ndani. Shauri hilo linatolewa kwa upendo, lakini linakula pesa za watu wasio nazo, na mara nyingine linawadhuru.

Sifa ya chupa ina chanzo chake. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini iliyochanganywa katika serumu ya glukozi. Mgonjwa aliingia hospitali amebebwa, akatoka anatembea, na kitu ambacho ukoo mzima ulikiona kikining'inia ni chupa. Kilichomponya ni kwinini. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza artesuneti kwa malaria kali ya wakubwa na watoto, na hiyo huchomwa kwa sindano bila kuhitaji chupa.

Tazama basi kilichomo. Serumu ya glukozi ya asilimia 5, chupa ya mililita 500, ina gramu 25 za sukari: vijiko sita hivi vya chai. Sahani ya ugali na maharage inampa mtu nguvu mara kadhaa ya hiyo. Serumu ya chumvi haina chakula chochote, ni maji na gramu 4 na nusu za chumvi. Ile rangi ya manjano inayowavutia watu hutokana na vitamini B2, na mwili usipoihitaji unaitoa: ndiyo maana mkojo hung'aa manjano baadaye. Nafuu unayoisikia ukiinuka kitandani inaweza kuwa ya kweli, kwa kuwa umelala saa mbili na umepata maji. Maji hayo yanapita vizuri mdomoni pia.

Vijana wa mpira nao wajue hili. Shirika la kimataifa linalopambana na dawa haramu michezoni linakataza serumu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, hata ikiwa ni maji na chumvi tu, isipokuwa katika matibabu halali ya hospitali.

Kuna mahali ambapo serumu haina mbadala. Pwani za ziwa Kivu zinaijua kolera vizuri, na kambi za wakimbizi wa ndani zimeiongezea nafasi. Mgonjwa aliyeishiwa maji kiasi cha kushindwa kunywa anahitaji serumu ya Ringa laktati haraka: mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa tatu kwa aliyetimiza mwaka mmoja, saa sita kwa mtoto wa chini ya mwaka. Huyo mkimbize hospitali, usimpitishe famasi. Anayeweza kunywa, mpe maji ya chumvichumvi tangu nyumbani. Pakiti za ORS za kutengenezea maji hayo zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Nasisitiza zaidi habari ya mtoto mwenye utapiamlo mkali, aliyevimba miguu au aliyebaki mifupa. Huyo ndiye wazazi humtafutia serumu kwa haraka, na ndiye ambaye inaweza kumuua. Moyo wake umedhoofika. Maji mengi mshipani yanaulemea. Hospitali humtia serumu akiwa katika hali ya kuzimia kwa mshtuko wa mwili, tena kwa uangalizi mkali. Vinginevyo hulishwa maziwa maalumu kidogo kidogo, kisha Plumpy'Nut, ile siagi ya karanga ya tiba. Mpeleke kituo cha afya apimwe mkono kwa utepe.

Mkubwa anayechoka kila siku anahitaji labo. Huenda damu imepungua, ana minyoo, malaria, kisukari, kifua kikuu, au ni mimba changa. Kila kimoja kina dawa yake, na vitamini ya mshipani inaweza tu kuchelewesha kujulikana. Mjamzito anywe vidonge vya madini ya chuma na asidi foliki vya kliniki. Na zile pesa za chupa, nunua sambaza, samaki wadogo wa ziwa: ukimla mzima na mifupa yake unapata protini na kalsiamu pamoja. Ongeza lengalenga, maharage, mayai.

Ikiwa muuguzi amesema lazima utiwe, muulize anatibu ugonjwa gani na ni nini anachokichanganya. Mwambie kama una presha, ugonjwa wa moyo, figo au sukari. Vitamini C kwa dozi kubwa inaweza kuvunja chembe za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo unapatikana sana katika nchi za malaria kama yetu. Hakikisha sindano na mpira vinafunguliwa mbele yako, chupa haijafika tarehe ya mwisho, na maji hayana ukungu. Asikuache peke yako. Ukianza kutetemeka, kuwashwa, kubanwa kifua au kukosa pumzi, afunge mpira papo hapo. Na hata ukisharudi nyumbani, mkono ukivimba, ukiwa mwekundu na wa moto, au homa ikipanda, rudi kituoni siku hiyohiyo.