Gari la Bei Nafuu na Thamani Yake ya Kuuzwa Tena

Mkaazi wa Micheweni anayetafuta gari la kubebea abiria baina ya Konde na Chake Chake, au la kupakia samaki kutoka Tumbe, aghalabu huanza na hesabu moja: bei ya kununulia. Siku hizi hesabu hiyo ina mvuto mpya, kwani pembeni mwa magari yaliyotumika ya Japani yamejitokeza magari ya kampuni za China na India ambayo majina yake bado ni mageni masikioni mwa wengi. Je, jina geni laweza kuaminiwa? Ili kujibu, inafaa kutazama namna majina yanayoaminiwa leo yalivyoipata imani hiyo.

Toyota haihitaji kuelezwa Pemba. Hata hivyo, ilipoanza kuuza gari lake la Crown nchini Marekani mwaka 1958, wanunuzi wa huko hawakuridhika. Gari lilikuwa zito na injini yake dhaifu kwa safari ndefu za mwendo wa kasi, na mwishoni mwa 1960 kampuni ikasitisha kulipeleka. Ilipofika 1965 ilirudi na gari jingine, Corona, lenye injini yenye nguvu zaidi, na hilo likakubalika.

Mfano wa Hyundai ya Korea Kusini unatufaa zaidi, kwa sababu ulihusu bei nafuu moja kwa moja. Mwaka 1986 kampuni hiyo ilipeleka Marekani gari la Excel, na katika mwaka wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 160,000. Watu walivutwa na bei. Haukupita muda mrefu ubovu ukadhihirika, sifa ikaharibika, na aliyetaka kuliuza lake alikuta wanunuzi wamekwisha kuonywa na majirani. Mwaka 1998 kampuni ilitangaza waranti ya miaka 10 au maili 100,000, yaani takriban kilomita 160,000, kwa injini na giaboksi. Kwa ahadi hiyo hasara ilihama: gari likiharibika, mlipaji ni mtengenezaji, naye akalazimika kuunda gari lisiloharibika ovyo. Lakini waranti hiyo kamili ilikuwa ya mmiliki wa kwanza. Aliyenunua kwake alipata muda mfupi zaidi. Kwa hiyo usiulize tu waranti ni ya miaka mingapi. Uliza ni ya nani, na inatambuliwa katika nchi gani.

Karibu zaidi na sisi kuna pikipiki za Boxer na TVS kutoka India. Zilipimwa na madereva wa bodaboda, watu ambao chombo kikilala siku moja, jioni chungu hakiinjikwi. Bajaj, iliyo jina la kampuni inayotengeneza Boxer, leo ni jina la chombo cha magurudumu matatu katika kinywa cha kila mtu. Lugha yenyewe imeshatoa ushahidi. Kilichovipa vyombo hivyo heshima ni kwamba fundi anavijua na spea zake zinapatikana dukani.

Kwa Pemba, suala la spea lina uzito wa pekee, kwa sababu baina ya gari lililoharibika na duka lenye kifaa chake mara nyingi kuna bahari. Kifaa kisichopatikana kisiwani kitasubiriwa kutoka Unguja, Tanga au Dar es Salaam, na kila siku ya kusubiri ni pato lililopotea. Mnunuzi wa pili anayajua hayo, ndiyo maana huteremsha bei ya gari lenye jina geni hata kama ni zima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Gari la kwanza limenunuliwa kwa shilingi 18,000,000, na baada ya miaka minne likauzwa kwa 12,000,000. Limemgharimu mwenyewe 6,000,000. La pili limenunuliwa kwa 14,000,000, likauzwa baada ya muda huohuo kwa 5,000,000. Limemgharimu 9,000,000, na hapo hatujahesabu siku lilizolala gereji. Lililoonekana rahisi kwa milioni nne limekuwa ghali kwa milioni tatu.

Hatusemi kwamba jina geni likataliwe. Gari jipya la kampuni changa laweza kuwa na injini iliyokwisha kuzoeleka katika gari jingine. Logan ya Dacia, iliyotoka Romania mwaka 2004, ilijengwa kwa sehemu nyingi zilizokwisha kutumiwa na Renault. Basi muulize muuzaji injini hiyo inatumika pia katika gari gani. Kisha nenda kwa fundi wa Konde au Wete ambaye hana maslahi katika mauzo hayo. Ukimuuliza kama gari ni zuri, atakujibu kwa adabu tu. Mtajie vifaa vitatu: pedi za breki, shokapu na taa ya mbele. Akuambie bei ya kila kimoja na siku za kukisubiri.

Kwa gari lililotumika, mwombe pia achungulie chini yake, kwani chumvi ya pwani hula chuma kabla rangi ya juu haijaonesha dalili. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi. Ahadi ya waranti iandikwe, pamoja na mahali pa matengenezo na nani atalipa nauli ya kulivusha gari iwapo gereji iko Unguja.

Sheria Namba 5 ya mwaka 2018 ya Zanzibar, inayohusu ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ili malalamiko yako yafanyiwe kazi, hifadhi risiti, mkataba, nakala ya tangazo na ujumbe wa simu mlioandikiana na muuzaji, hata ule wa kabla ya kulipa.