Waje na michoro, si makabrasha

*Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya mkoa wa Lindi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilituachia barabara zilizokatika, na tangu hapo hakuna kikao ambacho neno tabianchi halitajwi. Sasa tumepata mfadhili wa kugharamia mafunzo ya wakuu wa idara, ili waweze kupanga miradi inayohimili mabadiliko hayo, na Mkurugenzi amenikabidhi kazi. Shida ni kwamba semina za namna hii tumehudhuria nyingi. Mwezeshaji anakuja na slaidi za barafu inayoyeyuka, tunagawanywa makundi, tunabandika karatasi ukutani, tunapiga picha ya pamoja, tunasaini posho. Ukifungua kitabu cha bajeti cha mwaka unaofuata, hata mstari mmoja haujabadilika. Mfadhili anapendekeza siku tano hotelini Morogoro, mwezi Mei. Nikubali tu? Na nikitaka yawe tofauti nianzie wapi, maana mimi si mtaalamu wa hali ya hewa?*

*Afisa Mipango, Lindi*

Mwanangu, Morogoro kuzuri, lakini usikubali. Na kinachonitia wasiwasi zaidi ni huo mwezi wa Mei.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila wewe unajua kuliko mimi kwamba ikifika Mei kitabu chenu kimeshafungwa. Madiwani wamekipitisha, mkoa umekichambua, Bunge liko kazini Dodoma. Mkuu wa idara atakayejifunza jambo wakati huo atakaa nalo hadi karibu mwisho wa mwaka ndipo apate pa kuliandika, na huenda kufikia hapo amehamishiwa Katavi. Ombeni mafunzo yasogezwe Oktoba au Novemba, mwongozo wa bajeti ukiwa mezani na kila idara ikilalamikia ukomo wake. Mwandikie mfadhili barua yenye kalenda yenu ya bajeti. Wafadhili wengi husukumwa na tarehe zao za kufunga hesabu, hawana habari na zenu mpaka waambiwe.

Halafu tazama nani anaitwa. Tumezoea kumtwika afisa mazingira tabianchi yote, kana kwamba ndiye anayejenga. Aje, ndiyo, lakini aje pia mhandisi, mweka hazina, afisa manunuzi, mganga mkuu, na huyo wa ardhi anayepima viwanja mabondeni. Kisha kuna mtego ambao semina nyingi hunaswa nao: barabara za wilaya ziko TARURA tangu 2017, maji ya vijijini yako RUWASA tangu 2019, na barabara kuu ni za TANROADS. Wote hao hawawajibiki kwa Mkurugenzi wako. Ukiita wakuu wa idara peke yao, utafundisha mafuriko siku tano na mwenye kalvati hayumo chumbani. Mwombe Mkuu wa Wilaya awaalike kwa barua yake, yake hujibiwa.

Sasa siku yenyewe. Kila mshiriki aje na mradi mmoja uliomo kwenye rasimu ya mwaka ujao, na mchoro wake, na mchanganuo wa gharama. Asiye na mradi akae na mwenye nao. Anzeni na kalvati, kwa sababu kila mtu amewahi kukwama mbele ya kalvati lililozolewa.

Kwenye hesabu za mhandisi mtakuta limepimwa kwa mvua ya miaka 25, au 10. Muulize mweka hazina maana yake. Pengine atasema ni mvua inayokuja mara moja kila miaka 25, kwa hiyo tukijenga leo tuna robo karne ya kupumua. Hapo mhandisi amsahihishe: maana yake ni kwamba kila mwaka mmoja una uwezekano wa asilimia 4 wa kuleta mvua hiyo au kubwa kuliko hiyo, na katika miaka 25 uwezekano wa kuipata walau mara moja ni karibu asilimia 64. Na hapo tabianchi bado haijaguswa. Hewa ikiongezeka joto nyuzi moja ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana mvua kubwa zinazidi kuwa kubwa, ilhali hesabu za kalvati zinatoka kwenye vipimo vya miongo iliyopita. Muulize mhandisi tena: bomba la milimita 900 linapitisha maji kiasi gani kuliko la 600? Kwa mteremko uleule, yakijaa yote mawili, karibu mara tatu. Na gharama inapanda mara ngapi? Hilo wasiambiwe, wakae chini walitafute wenyewe kwenye mchanganuo: mabomba, zege, vibarua, usafiri. Walinganishe na gharama ya kulijenga upya mara mbili, na ya wiki ambazo gari la wagonjwa halikupita. Ubishi utakaozuka kati ya mweka hazina anayelinda ukomo na mhandisi anayelinda barabara ndio mafunzo yenyewe. Usiukatize kwa ajili ya chai.

Afisa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usimwite aje kuhutubia juu ya gesi joto. Mwombe alete vipimo vya mvua vya kila siku vya kituo kilicho karibu nanyi, na aonyeshe mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka. Na awe mkweli kuhusu miaka ijayo. Joto linapanda na bahari inapanda, hayo hayana ubishi. Mvua ndiyo yenye maneno. Kwa Afrika Mashariki, mifumo mingi ya kompyuta inatabiri masika yenye maji zaidi, wakati vipimo vya tangu miaka ya 1980 hadi karibu 2010 vilionyesha masika yakipungua, na wanasayansi wameumiza vichwa sana juu ya tofauti hiyo. Wataalamu wetu hawapendi kusikia hivi. Wanataka namba moja waiweke kwenye jedwali walale. Kwa maoni yangu, kama kuna ustadi mmoja wa kuondoka nao ukumbini, ni huu wa kupanga huku huna namba moja: kuuliza mradi huu utafaa mvua ikizidi, na utafaa ikipungua? Zahanati iliyojengwa mwinukoni, yenye bati zinazomwaga kwenye matangi, inafaa pande zote mbili. Kisima kinachovutwa kupita kiasi karibu na bahari hakifai upande wowote. Chumvi itaingia tu.

Wape pia mpango ulioonekana mzuri ukapinda. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande. Kwenye ramani mambo safi: watu wametoka bondeni, wako juu. Lakini vibarua na wateja walibaki mjini, nauli ikala kipato, na wapo waliorudi kulekule. Mpeni afisa ardhi na afisa maendeleo ya jamii kisa hicho nusu siku, waseme wangeweka nini kwenye bajeti ya uhamisho zaidi ya viwanja.

Jiji hilohilo lina funzo jingine. Katika mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea mitaa inayofurika wakichora mitaro, njia na nyumba kwa undani. Nanyi fanyeni kidogo cha namna hiyo. Pandeni gari moja, mhandisi na mweka hazina kiti kimoja, mwende kijiji kilichokatiwa njia na Hidaya. Waulizeni wazee na kina mama wanaochota maji: mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998, maji yalifika wapi? Na 2024? Watawaonyesha mti, ngazi ya msikiti, ukuta wa shule. Pimeni kwa futi kamba kutoka usawa wa barabara, mwandike. Kwa mto mdogo usio na kituo cha vipimo, hamtapata takwimu nzuri kuliko hizo kwa bei hiyo.

Fanyeni siku mbili, watu warudi ofisini wakarekebishe mradi wao, kisha wiki tatu baadaye siku moja ya kuonyeshana. Ukumbi wa halmashauri unatosha. Posho ya kujikimu haitakuwepo kwa kuwa mko kituoni, na manung'uniko utayasikia mpaka kantini. Lipa chakula, na nauli kwa wanaotoka mbali, na fedha iliyookolewa hotelini ipelekwe kwenye kupima vivuko vya mito iliyo kwenye bajeti. Cheti kitolewe mradi uliorekebishwa ukishapita kwenye menejimenti. Na kwa kuwa uhamisho haukwepeki, mhandisi mpya akute mabadiliko yamo kwenye michoro ya kawaida ya halmashauri na kwenye fomu ya kuombea mradi. Yakibaki kichwani mwa aliyehama, yamehama naye.

Kutokuwa mtaalamu wa hali ya hewa kusikusumbue. Kazi yako hapo ni kuwakutanisha wenye kalamu na kuulinda muda. Ukihitaji mwezeshaji, tafuta mhandisi mstaafu aliyejenga ukanda huo, au mwalimu wa Chuo Kikuu Ardhi au Chuo cha Mipango Dodoma, ambaye atakubali kusoma michoro yenu kabla hajafika. Anayekuja na slaidi alizotumia nchi nyingine mwezi uliopita, mshukuru kwa simu.

Mfadhili atadai ripoti yenye idadi ya washiriki, wanawake wangapi, vijana wangapi. Mpe. Kisha mwambatishie michanganuo miwili ya kalvati lilelile, wa Oktoba na wa Desemba, pamoja na ukurasa wa kitabu cha bajeti ulipoingia huo wa pili.