Chaja nzuri ni ile inayojua kuacha

Tochi, rimoti, redio ndogo, mashine ya kupimia presha, maiki isiyo na waya ya kanisani au msikitini: vyote hivi vinakula betri za AA na AAA, na pakiti mpya haimalizi mwezi. Ndiyo maana wengi wanahamia betri za kuchaji. Betri watu huzichagua kwa makini, lakini chaja wanachukua yoyote iliyo karibu na kaunta. Haya ni maswali yanayoulizwa mara nyingi, pamoja na majibu ya fundi.

Fundi, nimeona chaja mbili za betri nne. Moja bei yake ni mara tatu ya nyingine. Ninalipia nini hapo?

Unalipia uwezo wa kujua kuwa betri imejaa. Kusukuma umeme ndani ya betri ni kazi ambayo chaja yoyote inaiweza. Kazi ngumu ni kuacha kwa wakati. Betri nyingi za kuchaji za AA na AAA ni za nikeli, zile zilizoandikwa NiMH. Betri ya namna hiyo ikichajiwa, volti yake hupanda polepole. Ikijaa, volti hushuka kidogo mno, milivolti chache tu, na joto huanza kupanda haraka. Chaja janja husoma mabadiliko hayo ikakata umeme. Ile ya bei ya chini haisomi chochote: ama inaendelea mpaka uichomoe, ama ina kipima muda kinachokata baada ya saa zilizopangwa kiwandani, betri iwe imejaa au la. Umeme unaoingia kwenye betri iliyojaa hugeuka joto, na joto hilo ndilo linaloiua. Mteja akiniambia betri za kuchaji hazidumu, kwanza namuuliza anazichajia nini.

Nitaitambuaje dukani bila kuifungua?

Hesabu taa. Chaja ya nafasi nne yenye taa nne kwa kawaida huangalia kila betri peke yake. Yenye taa mbili huchaji betri mbilimbili, na ukiweka moja au tatu haifanyi kazi ipasavyo. Ubaya wa kuchaji kwa jozi ni kwamba betri mbili hazichoki sawasawa. Ukichanganya iliyotoka kwenye rimoti na iliyotoka kwenye tochi, ile yenye nusu chaji itajaa mapema na kuendelea kupikwa huku ya pili bado inajazwa.

Kisha soma boksi. Ukiona alama ya -ΔV, ujue chaja inafuatilia ule mshuko wa volti. Kama maelezo yanasema tu uchaji kwa saa kadhaa kisha utoe, umeshapata jibu lako. Chaja zenye kioo kinachoonyesha volti na mAh zinamfaa mwenye betri nyingi, kama mpiga picha au msimamizi wa vipaza sauti. Kwa nyumba ya kawaida, taa nne zinatosha.

Kwetu umeme unakatika kila mara. Chaja inadhurika?

Zinazodhurika ni betri, hasa kama chaja ni ya kipima muda. Nyingi kati ya hizo, umeme ukirudi, huanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Tuseme imepangiwa saa 7 na umeme umekatika katika saa ya 6. Ukirudi, betri iliyokaribia kujaa inapewa saa 7 nyingine. Chaja janja nayo huanza upya, lakini kwa kawaida haichukui muda mrefu kugundua kwamba betri imejaa. Kama umeme wenu ni wa kubahatisha na chaja uliyonayo ni ya kipima muda, ichomoe umeme ukikatika, andika saa zilizokwisha pita, kisha ukirudi malizia zilizobaki kwa kuangalia saa mwenyewe.

Ya polepole na ya haraka, ipi salama?

Ya kati. Tafuta namba iliyo mbele ya neno OUTPUT, inayotajwa kwa mA. Gawanya mAh za betri kwa mA za chaja, halafu ongeza kidogo, maana sehemu ya umeme hupotea. Betri ya 2000 mAh kwenye chaja ya 200 mA itataka saa 14 hadi 16. Kwenye chaja ya 500 mA ni kama saa 5, na kwenye ya 1000 mA ni kama saa mbili na nusu. Kwa AA, kati ya 500 na 1000 mA inafaa. AAA ni ndogo, nyingi zina 800 mAh hivi, kwa hiyo ipewe nusu ya hapo au pungufu.

Wengi hudhani polepole ndiyo salama siku zote. Kwa chaja janja sivyo: umeme ukiwa mdogo mno, mshuko wa volti nao huwa hafifu kiasi cha kuipita chaja bila kuonekana. Angalia pia maandishi madogo, kwa sababu baadhi ya chaja hutoa 1000 mA ukiweka betri mbili, na nusu yake ukiweka nne.

Betri kuwa ya vuguvugu mwishoni ni kawaida. Ikiwa ya moto hata huwezi kuishika, chomoa. Na usiweke chaja juu ya friji, dirishani penye jua au chini ya kitambaa, hasa kwa tunaoishi pwani ambako chumba chenyewe tayari kina joto.

Dada yangu aliye Marekani anataka kuniletea chaja. Itafanya kazi huku?

Mwambie kwanza asome mstari wa INPUT. Ukisema 100–240V, 50/60Hz, ailete, nawe utafute adapta ya plagi tu. Ukisema 120V peke yake, aiache hukohuko. Soketi zetu zina volti 230 hadi 240, na chaja hiyo itaungua siku ya kwanza. Ndugu aliye Dubai au Muscat hana taabu hiyo: volti zao ni kama zetu na plagi ni ileile ya pini tatu.

Nimeona AA za 4000 mAh kwa bei nafuu kuliko za 2000. Nichukue?

Acha. AA ya nikeli iliyotengenezwa vizuri kabisa hufika 2500 mAh na kidogo juu yake. Inayodai 4000 ina wino mwingi, si umeme mwingi. Nunua ya 1900 hadi 2000 mAh, ya aina isiyopoteza chaji ikikaa. Aina hiyo ilipata jina mwaka 2005, kampuni ya Sanyo ya Japani ilipotoa Eneloop, ambayo leo iko chini ya Panasonic. Betri za nikeli za kabla ya hapo zilikuwa zikijimaliza kabatini kwa miezi michache tu. Hizi ukiziacha mwaka mzima, bado unazikuta na chaji nyingi.

Betri ya kuchaji ina volti 1.2, ya kawaida 1.5. Kifaa hakitazimika?

Vifaa vingi havijali. Alkalaini huanza na 1.5, lakini ikitumika hushuka mfululizo, hata 1.2 ikaipita. Ya nikeli hushikilia karibu 1.2 mpaka inapokaribia kuisha. Kitakachokudanganya ni alama ya betri kwenye kifaa, itakayoonyesha chaji imepungua wakati bado ipo. Saa ya ukutani iachie betri ya kawaida. Inakula umeme kidogo sana, hakuna utakachookoa.

Mama huanika betri zilizoisha juani na redio inaongea tena. Kwa nini nisiziweke kwenye chaja?

Mama anaona kitu cha kweli. Joto la jua huchangamsha kemikali iliyobaki, redio ikapata muda kidogo. Ila hakuna umeme mpya ulioingia, na ganda la zinki ambalo limeshaliwa kwa ndani linaweza kutoboka na kuvujisha maji yanayokula springi za redio. Kwenye chaja ndiyo hatari zaidi: betri isiyo ya kuchaji huzalisha gesi ndani, ikavimba, ikavuja au kupasuka. Chaja janja nyingi huikataa. Ya bei ya chini itaipokea bila kuuliza.

Na hizi za litiamu zenye tundu la USB ubavuni?

Hizo ni jamii nyingine. Ndani kuna litiamu na saketi ndogo inayoshusha volti mpaka 1.5. Zichaji kwa kebo yake, au kwa chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, kamwe si kwa chaja ya NiMH. Vivyo hivyo kwa betri nene za tochi zinazoitwa 18650: hujaa kwa volti 4.2 na zinataka chaja ya litiamu. Ukikosea hapo, unakaribisha moto nyumbani.

Kijijini tuna sola tu. Kuna chaja itakayotufaa?

Ipo, chukua chaja janja inayotumia USB ya volti 5. Ichomeke kwenye tundu la USB la betri ya sola au pawabenki, usiiunge moja kwa moja na paneli. Kila wingu likipita, umeme wa paneli huyumba na chaja huanza upya.

Waliounganishwa na gridi nao wasiogope gharama: kuchaji AA nne hakufiki hata sehemu ya thelathini ya uniti moja ya umeme.

Chaja mpya inawasha taa ya hitilafu kwa betri zangu za zamani. Imeharibika?

Huenda inakwambia ukweli. Chaja janja hupima betri kabla ya kuanza, na iliyochoka au iliyoachwa tupu kwa muda mrefu huikataa. Jaribu kila moja kwenye nafasi nyingine. Ikikataliwa tena, iage. Kwa zilizobaki, ziandikie jozi kwa kalamu ya wino usiofutika, A na A, B na B, zitumike na kuchajiwa pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu ndani ya tochi, dhaifu huisha kwanza na kulazimishwa kinyume na nyenzake, na hapo haiponi.

Zikifa kabisa, nizitupe wapi?

Si chooni wala motoni. Za zamani zilizoandikwa NiCd zina kadmiamu, sumu inayoingia ardhini na kwenye maji. Zikusanye kwenye kopo kavu, watoto wasizifikie, kisha zipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Nairobi, kwa mfano, kuna WEEE Centre.

Nina pesa ya kitu kimoja kizuri tu. Nianze na kipi?

Chaja. Betri za wastani kwenye chaja janja zitakutumikia miaka. Betri ghali kwenye chaja mbovu utazizika kabla hazijarudisha pesa yako.